Mtoto anakwenda kulala kwenye hema Lushoto: jinsi ya kumpatia vifaa bila kumaliza mshahara

Orodha ilitua kwenye kundi la WhatsApp la wazazi Ijumaa jioni. Vitu 19, kwa usiku nne Lushoto, mwisho wa Juni. Mfuko wa kulalia. Hema la watu wawili kwa kila watoto wawili. Buti za kutembelea milimani. Koti la mvua. Tochi ya kichwani. Hazikupita dakika kumi, mzazi mmoja akarusha picha za dukani zikiwa na bei zake. Nikafungua kikokotoo cha simu, nikajumlisha hadi laki saba na ushee kabla hata sijafika kwenye soksi, nikaiweka simu chini.

Binti yangu ana miaka 11. Alikwenda, akalala vizuri, akarudi na kikohozi kidogo cha vumbi la njiani. Vifaa vyake vilinigharimu shilingi 118,000, ukiacha buti za kwanza ambazo nitazisimulia mbele maana zilinifundisha kwa hasara. Nimeandika hapa njia niliyopita, hatua kwa hatua, kwa mzazi wa Dar mwenye wiki tatu au nne mkononi. Ukiwa na siku tatu tu, soma hatua ya 1, ya 3 na ya 4, mengine utayapima mwenyewe.

Hatua ya 1: Jua baridi ya huko, kisha muulize mwalimu

Watu wa Pwani tuna shida moja: tunanunulia baridi tusiyoijua. Wengine wanamfungasha mtoto kama anakwenda Ulaya, wengine wanampa sweta la shule na baraka za bibi. Hesabu yenyewe si ngumu. Hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mji wa Lushoto uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo toa nyuzi 9 kwenye joto la Dar. Usiku wa Juni Dar ni kama nyuzi 20, basi Lushoto tarajia 11 au 10. Kambi ikiwa juu zaidi, upande wa msitu wa Magamba ambako unaweza kupita mita 2,000, toa nyingine nne. Halafu weka ukungu juu yake, maana kipupwe cha milima hii ya Usambara ni baridi yenye unyevu, na nguo iliyoanikwa jioni asubuhi unaikuta imelowa kuliko ulivyoiacha.

Usidanganywe na njia. Basi linapita Chalinze na Segera, mnafika Mombo watoto wanatokwa jasho na wanataka barafu. Kuanzia hapo ni kilomita 33 za kupanda kona kwa kona kupitia Soni, na ndani ya saa moja na kitu hali ya hewa imebadilika kabisa. Sweta lisiwe chini ya begi kwenye buti ya basi. Liwe mkononi.

Ukishajua baridi, mpigie mwalimu. Mimi niliuliza maswali manne: watalala kwenye hema usiku wote au kuna bweni? Mabegi yatabebwa na gari au mgongoni? Nani anapika, na vyombo ni vya nani? Siku ndefu kuliko zote watatembea saa ngapi? Majibu yalifuta karibu theluthi ya orodha. Gari linafika hadi kambini, kwa hiyo lile begi kubwa la mgongoni la lita 50 halikuwa na kazi, begi la nguo la kawaida linatosha na la shule linabeba maji na koti wakati wa matembezi. Vyombo viko. Matembezi marefu ni saa nne kwenye njia za vijijini, kwa hiyo buti za kupandia Kilimanjaro ni za nini?

Orodha yenyewe, kumbe, ilikuwa imenakiliwa kutoka safari nyingine ya miaka ya nyuma. Mwalimu hakuona haya kukiri. Uliza tu.

Kama mtoto wako yeye atabeba begi mwenyewe kutwa, basi uzito wa begi lote usizidi sana asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 35 abebe kilo tatu na nusu hadi tano, na humo maji ya lita moja tayari ni kilo moja.

Hatua ya 2: Amua pesa iende wapi

Mtoto akilala vibaya usiku wa kwanza, safari imekufa siku ya pili. Akitoka malengelenge saa ya kwanza, atakumbuka malengelenge tu. Kwa hiyo mimi niliweka pesa kwenye sehemu tatu: kinachomfunika usiku, kilicho chini ya mgongo wake, na kilichoko mguuni. Mvua ikaja ya nne. Vingine vyote niliazima, nilitengeneza, au niliviacha, na hakuna aliyeuliza.

Dira, kisu cha kukunja, kiti cha kukunja, chupa ya chuma ya bei mbaya: hivyo vinauza maduka, havilazi mtoto.

Hatua ya 3: Azima bila aibu

Hapa ndipo wengi wetu tunakwama, maana kuazima kunaonekana kama kutangaza shida. Lakini vifaa vya kambi ndivyo vitu vinavyokaa stoo mwaka mzima vikila vumbi, na mwenye navyo hufurahi kusikia vinatakiwa. Niliandika hivi kwenye kundi la ukoo na la jumuiya: "Shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Mjukuu wenu anakwenda kambi Lushoto usiku nne. Kuna mwenye hema la watu wawili au mfuko wa kulalia? Nitarudisha umefuliwa." Hema nikalipata kabla ya chakula cha usiku, kwa mjomba wa Kimara aliyelinunua enzi akifanya kazi na watafiti.

Sehemu nyingine za kuulizia ni kiongozi wa skauti wa shule au wa kata, vijana wa kanisani au msikitini wanaokwenda makambi, na mtu yeyote unayemfahamu Moshi au Arusha. Huko vifaa vya mlimani viko kila mtaa: maduka yanakodisha mifuko ya kulalia na majaketi kwa safari, na waongoza watalii na wapagazi huachiwa vitu na wageni wanaoshuka Kilimanjaro, vingine wanaviuza. Mdogo wangu yuko Moshi. Alinipatia mfuko wa kulalia kwa 35,000, akaupandisha basi kama kifurushi kwa 5,000, nikauchukua stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis kesho yake asubuhi. Dukani Dar mpya wa kufanana nao ulikuwa mara tatu ya bei hiyo, tena mwembamba.

Ukikubaliana kuazima, piga picha kifaa mbele ya mwenyewe kabla hujaondoka nacho, kila doa na kila kitobo. Inaepusha maneno.

Hatua ya 4: Mfuko wa kulalia

Kabla mdogo wangu hajalipa nilimwambia anitumie picha ya lebo ya ndani, si ya mfuko ulivyopendeza. Mfuko wa maana una namba tatu za joto. Ya kwanza, iliyoandikwa Comfort, ni joto ambalo mtu mzima wa kawaida analala kwa raha. Ya kati ni kikomo, analala kajikunja. Ya mwisho, yenye hasi kubwa na ambayo ndiyo wauzaji wanaichapa kwa maandishi makubwa nje, ni ya kunusuru maisha tu: hufi, lakini hulali. Mfuko unaotangazwa kuwa wa "hasi 10" unaweza kuwa na raha yake kwenye 8 au 9 tu. Soma namba ya kwanza, nyingine sahau.

Tena vipimo hivyo viliwekwa kwa watu wazima. Kiwango cha kimataifa kinachovitawala, ISO 23537, hakihusu mifuko ya watoto, na mwili mdogo hupoteza joto haraka kuliko mkubwa. Kwa hiyo nikajiwekea akiba ya nyuzi tano: kama usiku utashuka hadi 10, natafuta mfuko ambao raha yake ni 5. Wa Moshi ulisema 5. Nikamwambia alipe.

Ndani kuna nini? Ukiubonyeza ukahisi vijiti vidogo vinachoma, ni manyoya ya bata. Ni mwepesi na una joto sana, lakini ukilowa unaganda mabonge na joto linakwisha. Kwa ukungu wa Usambara na mtoto wa miaka 11 anayemwaga chai, chukua wa nyuzi za polista. Ni mzito kidogo, ila hata ukipata unyevu bado unamshikilia joto.

Kagua zipu kwa kuifungua na kuifunga mara tano mfululizo. Zipu inayoachia nyuma yake mara nyingi si meno yaliyokufa, ni kichwa chake kimepanuka. Fundi cherehani anakibana kwa koleo au anaweka kingine. Wangu ulikuwa hivyo hivyo, nikalipa 2,000. Meno yenyewe yakiwa yameng'oka, uache, maana kubadilisha zipu nzima ya mita mbili kunakula faida yote.

Mfuko wa mtu mzima kwa mtoto una tatizo la miguuni: panabaki nafasi tupu, na mwili wake unapasha hewa isiyo na mtu. Funga sehemu ya chini kwa mkanda au kamba, au ijaze nguo za kesho. Kunakuwa na faida mbili, maana asubuhi anavaa nguo za moto.

Halafu mshonee kanga au shuka jepesi kama foronya ndefu, alale humo ndani ya mfuko. Inaongeza joto kidogo, na zaidi ya yote kinachochafuka ni kanga. Mfuko wa kuazima unaurudisha ulivyoupokea.

Na usipopata mfuko kabisa? Kwetu gari lilikuwa linafika kambini, kwa hiyo uzito haukuwa hoja. Mzazi mwenzangu mmoja alichukua blanketi zito la manyoya la kitanda kikubwa, akalikunja katikati, akampa fundi ashone chini na ubavuni hadi usawa wa kifua. Mwanawe alilala humo usiku nne na jaketi, akatoka na mashavu mekundu kwa joto.

Hatua ya 5: Chini ya mgongo

Hili ndilo wengi wanalisahau, kisha wanalaumu mfuko. Mtu akilala, uzito wake unakandamiza pamba iliyo chini yake hadi inabaki bapa, na pamba bapa haina joto. Ardhi inamnyonya usiku kucha. Ukiwa na blanketi moja tu la ziada, lizidishe chini, si juu.

Kipande cha godoro la sponji kinavutia kwa sababu kila nyumba kinacho, lakini sponji inafyonza maji, na ikilowa kambini haikauki. Unachotaka ni povu lililoziba, lile ambalo ukilitumbukiza kwenye maji linatoka linang'aa na ndani ni kavu. Mkeka wa yoga ni wa jamii hiyo, ila mwembamba, utahitaji miwili. Mimi nilichukua zile tailizi za povu za watoto, zenye meno ya kuunganishwa kama chemsha bongo na herufi katikati, zinazouzwa Kariakoo. Pakiti moja 12,000. Nikaziunganisha, nikabandika utepe wa gundi upande wa chini ili zisiachane, zikawa kitanda cha sentimita 60 kwa 150. Herufi nyingine zilidondoka njiani. Alilala juu ya A hadi H.

Hatua ya 6: Nguo za mitumba

Soko langu ni Karume. Wengine wanakwenda Tandika, kanuni ni zile zile. Ukifika asubuhi belo linapofunguliwa unapata chaguo na unalipa bei ya chaguo. Ukifika saa kumi jioni unakuta mafungu chini na vijana wanaimba "buku, buku, buku", na kwa nguo za mtoto za kwenda kuchafulia porini, jioni inatosha kabisa. Viatu ndivyo vya asubuhi.

Tafuta flisi, kile kitambaa laini chenye manyoyamanyoya kama taulo jipya. Belo za majaketi zimejaa hizo kwa sababu Wazungu wanazivaa kila siku na watu wa Dar hawana haja nazo, ndiyo maana bei yake iko chini. Lebo iseme polista, au sufu. Pamba iache nyumbani: jinzi na fulana nzito za pamba zikilowa zinakaa na maji na kumnyonya mtoto joto. Lebo ikiwa imekatwa, vuta uzi mmoja kutoka kwenye pindo, ukauchome nyumbani kabla ya kurudi kununua nyingine za fungu lile. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inabaki jivu la kusagika, polista inayeyuka na kuwa kidonge kigumu, pamba inaungua kama karatasi.

Nilikuta flisi moja ya bluu, nzuri, ina doa kwenye mkono.

"Elfu kumi, mama. Grade one hiyo."

"Elfu kumi na hili doa, mdogo wangu?"

"Doa linatoka na sabuni."

"Basi lifue wewe, kesho nikuletee elfu kumi yako."

Akacheka. "Toa sita uondoke nayo."

Ya pili nilimpa tano. Mbili kwa 11,000: moja ya kuvaa mchana, moja haiguswi mpaka wakati wa kulala. Hiyo ya pili ndiyo siri. Mtoto asilale na nguo aliyotembea nayo hata kama inaonekana kavu, maana jasho limo. Soksi mpya jozi tatu nene, 6,000, na moja ya jozi hizo nayo ni ya usiku tu. Kofia ya mzula tulikuwa nayo.

Mitumba ifue kwa maji ya moto, ianike juani, na pale inaporuhusu piga pasi. Flisi usiipige pasi, inayeyuka.

Hatua ya 7: Viatu, na hasara yangu

Huwezi kumtoa mtoto shule kila ukienda sokoni, na namba za viatu vya mitumba ni vurugu, 36 ya kampuni moja ni 37 ya nyingine. Kwa hiyo jioni, wakati mguu umevimba kidogo kwa kutwa, msimamishe juu ya boksi akiwa na soksi nene, chora mguu, ongeza upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, kata. Hicho kipande cha boksi ndicho unachokitumbukiza ndani ya kiatu sokoni. Kikijikunja, kiatu ni kidogo. Kijana mmoja aliniuliza, "Mama, mtoto wako ana miguu ya boksi?" lakini baada ya jozi mbili akawa ananisaidia kukitumbukiza.

Sasa buti. Jozi ya kwanza nilinunua 30,000, ngozi ya kahawia, soli haijachakaa hata meno, nikajiona nimeokota dhahabu. Binti akazivaa nyumbani siku mbili. Siku ya tatu tulikwenda kwa miguu dukani, tukirudi nikasikia kishindo kimebadilika. Soli ya kushoto ilikuwa imebaki barabarani, na kilichobaki chini ya ngozi kilikuwa kinamomonyoka kama keki ya juzi. Nilipozirudisha, muuzaji akazitazama kwa huzuni ya kweli, akaniuliza, "Alizivaa au alizilimia?"

Kosa lilikuwa langu. Buti nyingi za mlimani zina tabaka la povu la poliurethani kati ya ngozi na mpira wa chini, na povu hilo huharibiwa na unyevu wa hewa miaka inavyokwenda, hata kiatu kikiwa kabatini. Tena kisichovaliwa ndicho kinachoficha ugonjwa. Kwa hiyo buti ya mtumba inayoonekana mpya kabisa ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi. Bonyeza kucha ya kidole gumba pembeni, kwenye povu hilo. Likirudi kama raba, sawa. Likibaki na alama, likiwa na nyufa ndogondogo kama ngozi ya kisigino au likinata, weka chini. Kisha kunja kiatu kwa nguvu zako zote katikati, mbele ya muuzaji. Akikataa usikikunje, amekujibu.

Mara ya pili nikachukua raba ngumu za kutembelea, soli nzima na yenye meno, 22,000, nikapita kwa fundi viatu akashona soli kuizunguka kwa uzi wa nailoni, 3,000. Akazivaa shuleni wiki mbili nzima kabla ya safari. Kiatu kipya kisivaliwe mara ya kwanza siku ya kupanda, hata kiwe kizuri vipi. Na kandambili ziwemo, za bafuni na za jioni.

Hatua ya 8: Hema la kuazima

Hema lililokaa stoo la Dar miaka kadhaa lina ugonjwa wake. Lifungue ulinuse. Likinuka kama matapishi na kitambaa cha nje kikinata vidoleni, ule utando wa ndani unaozuia maji umekufa, na hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. La mjomba lilinuka panya tu. Nikalianika kivulini, si juani, maana jua kali linakula kitambaa.

Simika hema lote, kisha ingia ndani mchana, funga, tazama juu. Kila kitobo kitaonekana kama nyota. Utepe uliobandikwa kwenye mishono ukiwa umechomoka, pakaa gundi ya kuzibia mishono ya mahema, nyembamba, uache ikauke siku nzima. Fito za plastiki ngumu zikiwa na ufa, valisha kipande cha bomba jembamba juu ya ufa na uzungushie utepe wa gundi. Vigingi vilikuwa vimepotea vyote, kama kawaida ya vigingi. Misumari ya inchi sita kutoka duka la vifaa vya ujenzi inafanya kazi ile ile, funga kitambaa chekundu kwenye kila mmoja ili watoto wasiikanyage.

Kisha mwagia ndoo mbili za maji, taratibu, kwa kopo, kama mvua ya kweli. Letu lilivuja kona moja. Afadhali livujie hapa kwetu Tabata.

Hatua ya 9: Vidogovidogo

Koti la mvua: la mtumba lisilopitisha maji, 10,000. Lijaribu kwa kukinga maji ya bomba ndani ya kitambaa, ukiona chini kunatota, ni koti la upepo tu. Mwavuli hapana, upepo wa mlimani unaugeuza.

Tochi ya kichwani 8,000 Kariakoo, na betri za akiba. Geuza betri moja ndani ya tochi wakati wa safari, ili isijiwashe begini ikafika imekufa.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo usimfungie nguo kwenye rambo alizoficha shangazi. Nunua nailoni nzito ya ujenzi inayouzwa kwa mita. Mita mbili, 4,000, zilitosha: kipande kimoja cha kutandika chini ya hema, kingine cha kufunga mfuko wa kulalia. Kile cha chini kiwe kidogo kuliko hema kila upande, kikichomoza kinakinga maji ya mvua na kuyapeleka chini ya mtoto.

Sahani, kikombe, kijiko, vitoke jikoni kwako.

Hatua ya 10: Usiku wa majaribio

Wiki moja kabla, tulisimika hema uani. Hayo ya baridi huwezi kuyajaribu Dar, lakini mengine yote unaweza. Sharti langu lilikuwa moja, simsaidii. Afungashe mwenyewe, atandike mwenyewe, na saa mbili usiku nizime taa ya uani atafute tochi gizani. Alichukua dakika sita, tochi ilikuwa ndani ya kiatu. Saa tano akatoka kwenda chooni, akashindwa kufunga zipu ya hema aliporudi, mbu wakaingia. Kesho yake tukapaka mshumaa kwenye meno ya zipu, ikateleza.

Ndipo tukaandika jina lake kwa maki peni kwenye kila kitu, hadi soksi, tukapiga picha vyote vikiwa vimepangwa kitandani, nikaichapa picha hiyo na kuibandika ndani ya kifuniko cha begi. Siku ya kurudi alifungasha kwa kuitazama. Ilipotea soksi moja, na alikuja na kijiko cha mtu mwingine.

Alipofika tu, kabla ya kuoga, tulitandaza hema na mfuko wa kulalia kwenye kamba. Kifaa kilichofungwa kikiwa na unyevu kinaota ukungu ndani ya siku mbili za joto letu. Mfuko usiuhifadhi umebanwa kwenye kifuko chake, ukunje kidogo na uuweke ndani ya foronya kubwa. Wetu haukukaa kabatini hata mwezi. Jirani wa ghorofa ya pili ana kijana wa skauti, akagonga mlango akiwa na salamu nyingi kuliko kawaida.